Rivolva ya zamani imekutwa darini Tabora, nyundo "imekatwa", wazee wanasema ni ya Mjerumani. Ni aina gani?

Kapembe_TBR

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa kutambua rivolva iliyokutwa juu ya dari ya nyumba ya zamani huku Ng'ambo, Tabora, mafundi walipokuwa wanabadilisha bati. Kabla hamjauliza: mwenyekiti wa mtaa aliitwa, polisi wakaja wakaichukua, na iko kituoni mpaka sasa. Tulichonacho ni picha na vipimo vichache vilivyochukuliwa mbele ya askari. Familia inataka kujua ni kitu gani kabla hatima yake haijaamuliwa.

Inavyoonekana: matundu sita kwenye silinda. Chini ya kitako kuna pete. Mtutu una pembe pembe, si wa mviringo kamili. Upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapokaa, kuna kiwiko cha chuma. Mashavu ya kitako ni meusi, si mbao, na shavu la kulia lina kisahani kidogo cha shaba kisicho na maandishi. Nyundo haina ule mkia wa kuvutia kwa kidole, tunahisi mtu aliukata. Ubavu wa kulia kuna maandishi yaliyoliwa na kutu, tunasoma "No" na baadaye kama "MK". Nyumba ni ya enzi za Mjerumani na wazee wanashikilia silaha ni ya enzi hizo hizo.

Mzee wa Reli

Hiyo ni ya Mjerumani, msijisumbue. Tabora ilikuwa mikononi mwao mpaka Wabelgiji walipoingia tarehe 19 Septemba 1916, na wengi waliondoka wakiacha vitu. Pete ya kitakoni ni ya kamba ya askari wa Kaizari.

FundiMitutu

Mzee wangu wa Reli, shikamoo, lakini hapo tuachane kwanza. Pete ya kamba iko kwenye rivolva za jeshi karibu za kila taifa: Uingereza, Ubelgiji, Urusi, Ufaransa, Marekani. Pete inatuambia ni silaha ya jeshi au polisi, basi. Na umri wa nyumba ni umri wa nyumba. Darini huwekwa vitu miaka yote.

Rivolva ya Mjerumani ya jeshi ni Reichsrevolver, matoleo mawili. La 1879 lina mtutu mrefu, takriban sm 18, na la 1883 ni fupi, sm 12 na ushee. Zote mbili bodi yake (fremu ya chuma inayoshika silinda na mtutu) ni kipande kimoja, haifunguki katikati. Risasi zinaingizwa moja moja kwenye kilango kidogo upande wa kulia nyuma ya silinda. Haina kitoa maganda, askari alichokonoa ganda kwa kijiti cha pembeni. Halafu ubavu wa kushoto ina kitasa cha usalama. Tena ni ya kukoki, yaani kuvuta nyundo nyuma, kwa kidole kila risasi, kwa hiyo bila mkia wa nyundo haifanyi kazi kabisa. Tundu la mtutu ni mm 10.6. Kama ingekuwa hiyo, mngeona pia taji na neno ERFURT, au duara la yai lenye herufi za viwanda vya Suhl.

Sasa angalieni hicho kiwiko cha kushoto. Kwenye rivolva ya kuvunja katikati, inayofunguka kama shotigani, kiwiko hicho kinasukumwa kwa gumba, kinalegeza kifungo cha juu chenye umbo la kikuku cha farasi kinachokumbatia mgongo wa bodi mbele ya nyundo. Mtutu unainama, na kitoa maganda kinainuka chenyewe na kurusha maganda yote sita. Kifungo cha aina hiyo ni cha familia ya Webley na Enfield za Uingereza.

Tahadhari moja: kuna za Hispania zinazovunjika katikati vilevile. Waingereza walizinunua mwaka 1915 zilipowapungukia, kutoka viwanda vya Eibar, wakaziita za mtindo wa zamani. Hizo hazina kiwiko cha kushoto. Kifungo chake kiko juu kabisa, kina masikio mawili ya kushika kwa vidole na kunyanyua. Kwa hiyo Kapembe, picha ya mgongo wa bodi kutoka juu ni muhimu kuliko zote.

Nahitaji pia urefu wa mtutu na upana wa tundu. Mtutu wa rivolva unapimwa kutoka mdomoni mpaka uso wa mbele wa silinda, silinda yenyewe haihesabiwi. Wengi wanapima mpaka kwenye nyundo, wanapata sm 20 na kuleta ubishi usio na maana. Tundu lipimwe kwa kalipa ya venia, mdomoni, na apime askari mwenye ghala, si ninyi. Mkikosa kalipa, wekeni rula kando ya mtutu, iwe kimo kimoja na mtutu, mpige picha kutoka hatua mbili kwa kuvuta lenzi. Simu ikisogezwa karibu mno inakuza kilicho mbele, na mtutu wa sm 13 unaonekana wa 15.

Binti Gongoni

Kuhusu maandishi yaliyoliwa na kutu. Tafadhali mtu asije akamshauri askari atumie msasa, brashi ya waya au ndimu na magadi. Maandishi ya kugongwa kiwandani yana kina kidogo sana. Msasa unashusha uso wa chuma mpaka kimo cha herufi, na asidi ya ndimu inakula kingo za herufi kwanza kwa kuwa ndizo nyembamba. Ukimaliza una chuma kinachong'aa kisichosema kitu. Nimeona picha nyingi za silaha "zilizosafishwa" za namna hiyo, hazitambuliki tena ila kwa umbo.

Mwanga ndio unaosoma. Chumba kiwe na giza, tochi ilazwe karibu sambamba na chuma, kisha izungushwe polepole kutoka kila upande huku simu ikipiga picha kutoka juu bila kusogea. Herufi zinaamka kwenye pembe moja na kulala kwenye nyingine, kwa hiyo pigeni picha kumi na zaidi. Ikishindikana, karatasi nyembamba juu ya maandishi na penseli laini iliyolazwa ubavu, kama watoto wanavyochora sarafu. Unga wa chaki unaosuguliwa kwa kidole na kufutwa juu juu nao unasaidia, unabaki ndani ya mistari. Kama askari anaruhusu, tone la mafuta mepesi na mswaki wa zamani, siyo zaidi.

Na nyundo "iliyokatwa": leteni picha ya karibu. Mkia uliokatwa kwa msumeno au tupa unaacha uso bapa wenye michirizi, na rangi yake si sawa na sehemu nyingine ya nyundo hiyo. Kama uso ni laini, umeviringwa vizuri na una rangi ileile, hakuna aliyekata kitu.

Kapembe_TBR

Asanteni sana. Tumerudi kituoni leo, askari wa ghala amekuwa mwema. Majibu:

Kifungo cha juu ni kikuku, hakina masikio. Mtutu ni sm 12.7 kwa kipimo cha Fundi. Tundu kwa kalipa ni mm 9 na nukta kidogo. Uzito wa mizani ya jikoni, gramu 800 kasoro. Nyundo ni laini, imeviringwa, haina mchirizi wowote. Maandishi ya kulia kwa tochi ya kulaza: "No 2", chini yake "MK I" na kama nyota ndogo baada yake, kisha "ALB" halafu kutu, na chini "194" na tarakimu ya mwisho haisomeki. Kuna alama nyingine ndogo kwenye bodi, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku.

FundiMitutu

Hapo mmemaliza kazi wenyewe. Ni Enfield No 2 Mk I (Mk ni Mark, yaani toleo) yenye nyota, na ALB ni ALBION. Albion Motors ni kampuni ya malori ya Glasgow, Uskoti, iliyopewa kazi ya kutengeneza rivolva hizi wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu kiwanda cha serikali cha Enfield kilizidiwa. Ilizitengeneza kati ya 1941 na 1943, kwa hiyo tarakimu yenu inayokosekana ni 1, 2 au 3. Mjerumani alikuwa ameondoka Tabora miaka ishirini na mitano kabla ya chuma hiki kuyeyushwa.

Kwa nini si Webley, kwa kuwa wengi wangeiita hivyo na wangekosea kidogo tu. Webley maarufu ya vita vya kwanza, Mk VI ya 1915, ni kubwa: mtutu sm 15, uzito zaidi ya kilo moja, tundu la mm 11 na zaidi. Yenu ni nyembamba na nyepesi. Baada ya vita vile Waingereza waliona risasi kubwa inamhitaji askari wa mazoezi marefu, wakahamia risasi ya .38 (kipimo cha upana kwa inchi) yenye kichwa kizito cha gramu 13, na Enfield No 2 ikaingia kazini miaka ya mwanzo ya 1930. Webley nao walikuwa na rivolva yao ya .38, Mk IV, inayofanana na hii kama mapacha. Zinatofautishwa kwa vitu vitatu. Ile ya Webley huwa na jina la kampuni na Birmingham, na za wakati wa vita nyingi zimegongwa WAR FINISH. Enfield ina bamba la ubavuni linalofunguliwa kwa skrubu kufikia mitambo, Webley haina. Na vipuri vya ndani haviingiliani, hata kama kwa macho unaona ni vilevile.

Nyundo sasa. Toleo la kwanza, Mk I lisilo na nyota, lilikuwa na mkia wa kukoki. Mwaka 1938 likaja lenye nyota, nyundo haina mkia, na kila risasi inapigwa kwa kuvuta triga mwanzo hadi mwisho. Sababu inayotajwa ni askari wa vifaru: mkia ulikuwa unanasa kwenye vitu ndani ya kifaru kile chembamba. Mk I nyingi za zamani zilirudishwa karakana zikabadilishwa, na nyota ikaongezwa pembeni ya maandishi ya awali, mara nyingi imekaa upande kidogo. Ya Albion ilizaliwa hivyo hivyo. Mashavu meusi ya bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) yenye mfinyo wa gumba ni ya toleo hilo pia. Mk I ya mwanzo ilikuwa na mbao. Kisahani cha shaba kilikuwa cha kugongea alama ya kikosi. Chenu ni kitupu, ndivyo zilivyo nyingi za wakati wa vita.

Chunguzeni sana idadi ya nyota. Mwaka 1942 lilitoka toleo la nyota mbili, ambalo waliondoa kizuizi cha ndani kinachoizuia nyundo isiguse fataki (kidude cha kuwasha baruti kwenye makalio ya risasi) silaha ikianguka. Ni kupunguza kazi ya kiwandani tu. Matokeo yake, ikidondoka kwa upande wa nyundo ikiwa na risasi, inaweza kulipuka bila mtu kugusa triga. Baada ya vita nyingi zilirudishwa kuwekewa kizuizi, lakini huwezi kujua yenu iko upande gani kwa kuitazama nje. Nyota moja au mbili, mwambieni askari asiiache ukingoni mwa meza.

Binti Gongoni

Naongezea juu ya "unyayo wa kuku". Huo ni mshale wa mali ya serikali ya Uingereza. Mmoja maana yake ilipokelewa jeshini. Tafuteni kama kuna mahali mishale miwili imegongwa ncha kwa ncha. Kwa kutu inaonekana kama nyota ya miale sita na watu wanaichanganya na ile nyota ya Mk I. Ncha kwa ncha maana yake iliuzwa nje ya jeshi kihalali.

Pia tazameni mtutu na silinda kama kuna maandishi madogo sana: .38, kisha .767 na 3½ TONS. Hiyo ni mihuri ya nyumba ya majaribio. Sheria ya kwao ilitaka silaha ya jeshi ipimwe upya kabla raia hajauziwa; .767 ni urefu wa ganda kwa inchi na tani ni nguvu ya mlipuko inayoruhusiwa. Ikiwepo, silaha ilipitia dukani Uingereza. Isipokuwepo, na mishale ncha kwa ncha haipo, basi inaelekea ilitoka moja kwa moja kwenye mikono ya jeshi au polisi. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza mpaka 1961, nafasi ya rivolva kama hii kufika Tabora ilikuwa tele.

Linganisheni pia namba ya bodi, ya mtutu na ya silinda. Zikitofautiana, silinda au mtutu ulibadilishwa karakana.

Mzee wa Reli

Nimekubali, Fundi. Ila ile "No 2" mimi ningesema ni namba ya kikosi.

FundiMitutu

Marahaba ya kukubali nimeipokea, Mzee wangu. No 2 ni jina la silaha lenyewe, siyo kikosi. Alama za kikosi hukaa kwenye kisahani au kitakoni.

Mwambao wa Kigoma

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Kwenye picha za zamani za silaha zilizosalimishwa huku Kigoma kuna moja ina matundu saba, silinda ndefu, haivunjiki katikati, na ubavuni kuna nyota na mwaka. Mtu ameandika chini yake "ya Wabelgiji". Ni kweli? Maana Wabelgiji walikaa Kigoma na Ujiji baada ya 1916.

FundiMitutu

Matundu saba na nyota ni Nagant ya 1895, ya Urusi. Aliyeandika amekosea nusu: Nagant walikuwa watengenezaji wa Liège, Ubelgiji, na za kwanza zilitoka huko, kisha kazi ikahamia Tula nchini Urusi. Nyota na mwaka ni za enzi za Kisovyeti. Pembetatu yenye mshale ndani ingekuwa ya Izhevsk.

Ina tabia moja adimu sana. Ukikoki, silinda yote inasogea mbele na kuubana mtutu, moshi usivuje. Ndiyo maana risasi yake ni ya ajabu kuitazama: ganda ni refu, mm 38, na kichwa kimezama ndani hakionekani. Mtu asiyeijua anadhani ni risasi ya mazoezi. Mtutu wa sm 11 na nusu, tundu mm 7.62, mifereji minne. Kitoa maganda ni kijiti kinachochomolewa katikati ya silinda na kuzungushwa kulia.

Ya Wabelgiji halisi, Nagant ya 1878 ya maofisa, ina matundu sita, tundu la mm 9, na silinda yake haisogei. Muhuri wa Liège ni herufi ELG na nyota ndani ya yai. Yai likiwa na taji juu, ilipigwa muhuri baada ya 1893. Bila taji, kabla. Lakini msiseme "askari wa Kibelgiji" kwa sababu ya ELG peke yake. Liège waliuza rivolva dunia nzima, hasa zile fupi za matundu matano za kubeba mfukoni.

Kapembe_TBR

Swali la mwisho. Askari amejaribu kiwiko, hakiendi, kutu imeshika. Kwenye mwanya kati ya silinda na bodi kuna sehemu mbili zinang'aa kama shaba. Anauliza aipige kwa nyundo ya mpira au aipashe moto kidogo.

FundiMitutu

Asifanye lolote kati ya hayo. Hiyo shaba ni makalio ya risasi au ya maganda matupu, na ubavuni huwezi kutofautisha, kwa sababu alama ya pini kwenye fataki inaonekana tu ikishafunguliwa. Ichukulieni ina risasi hai mbili. Fataki za miaka ya 1940 bado zinawaka, na moto unaweza kuilipua ndani ya silinda bila triga kuguswa. Nyundo ya mpira inahamisha mtikisiko ule ule ambao kizuizi kinaweza kuwa hakipo kuuzuia.

Mtu asichungulie mdomoni. Simu iwekwe kwenye kijiti cha kujipigia picha, ipelekwe mbele ya silinda, watu wote wakiwa nyuma ya kitako na pembeni. Tundu lenye risasi linaonyesha kichwa cha mviringo, chenye rangi ya risasi ya zamani ya plumbi au ya shaba. Lenye ganda tupu linaonyesha shimo na ukingo mwembamba. Hata ikionekana ni maganda matupu, ifungwe mdomo ukielekezwa kwenye ndoo ya mchanga mkavu, na kazi ya kuifungua ibaki kwa mafundi wa silaha wa polisi. Wao watailoweka mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa kwanza, kwenye kikuku na kwenye bawaba ya chini mbele ya silinda. Aghalabu bawaba ndiyo inayong'ang'ania, siyo kiwiko, na anayelazimisha kiwiko anavunja springi yake bure.

Wakishaifungua waombeni wasome makalio ya maganda. Yakiwa na .380 ni ya kwake. Yakiwa .38 Special mtu alilazimisha risasi isiyo yake: ni ndefu, karibu mm 29 ganda pekee dhidi ya mm 20 za hii, na haikai mpaka silinda itobolewe zaidi. Hapo waandike kwenye maelezo kwamba silinda imechezewa.

Kapembe_TBR

Nimemsomea askari yote. Ameihamishia kwenye ndoo ya mchanga na ameomba fundi wa silaha. Kwenye fomu ameshabadilisha "bastola ya Kijerumani" kuwa Enfield No 2 Mk I*, Albion, mwaka 194-. Namba za silinda na mtutu nitaziweka hapa ikifunguliwa.